Figa la Tatu

Kideri kiliingia Vitongoji usiku wa Jumanne.
Asubuhi Bi Time akawakuta majogoo wawili wamepinda shingo,
wanatazama mbinguni kama walioitwa,
na kufikia Ijumaa banda lilibaki mlango tu.
Kuku kumi na tisa. Aliwahesabu kwa majina.

Mimi mwanawe nafanya kazi maabara, kule Wawi.
Nikamwambia: mama, huyo kirusi namjua,
nina kipande chake ndani ya kichupa,
kipande cha mwiba anaofungulia mlango wa seli.
Hakina uhai, hakiambukizi, ni protini tupu.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mwizi yumo ndani na tumempa chai.

Nataka kumjua sura, nilisema.
Na sura hiyo haionekani kwa hadubini.
Lazima kwanza agande,
apange safu na wenziwe maelfu kwa maelfu,
bega kwa bega kama swala ya Idi,
ndipo mionzi ipite kati yao itoke na habari.

Miezi minane nilitonesha.
Tone la protini, tone la maji ya chumvi, kioo juu, subiri.
Matone tisini na sita katika sahani moja,
na kila asubuhi hadubini ikanionyesha
ukungu, utandu, tope, utandu,
mara moja unywele. Wangu.

Bi Time hana cheti. Ana majaruba manne ya chumvi
nyuma ya mikoko,
na siku aliyoniletea muhogo
hakuuliza habari za protini.
Aliweka kiganja juu ya meza.
"Meza yako yatetemeka."
"Jenereta, mama. Iko nyuma ya ukuta."
"Jaruba langu la njiani halijatoa punje kubwa
tangu vijana waanze kupita na mapikipiki.
Chumvi haitaki kushtuliwa, Shaame.
Ikishtuka, huwa unga."

Usiku ule nikaibeba sahani kifuani kama mayai,
nikaiweka kwenye kabati la stoo ya vyandarua,
mbali na jenereta, mbali na miguu,
nikafunga, nikampa yeye ufunguo
kwa sababu najijua.

Siku kumi na saba.

Safu ya nne, tundu la saba:
punje. Pande sita, kingo kama zimekatwa kwa wembe,
ndogo kuliko utitiri wa kuku,
na mwanga umekaa ndani yake, haujui pa kutokea.
Nilisema Bismillahi, halafu nikasahau inayofuata.

Ikasafiri ndani ya pipa la baridi kali
hadi nchi yenye pete ya mionzi,
na masika yalipokwisha ikarudi ikiwa madoa.
Madoa yakawa hesabu, hesabu ikawa sura:

nyuzi tatu za shanga, sawa kwa sawa,
zimejisokota kama kamba ya usumba,
kila mmoja ukiegemea miwili,
hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho.
Uizungushe theluthi ya duara, ni ile ile.
Na tena, ni ile ile.

Nilimchorea kwa mkaa, sakafuni jikoni.
Alicheka hadi akakaa chini.
"Kumbe aliyeniulia kuku kakaa kimafiga!
Si ung'oe moja? Chungu chamwagika."
Nikasema ndilo wanalolitafuta wataalamu,
dawa ya kung'oa moja, lakini ni miaka, mama,
na huenda isipatikane.
Naye alikuwa keshanunua vifaranga sita.
"Basi wachanje hawa. Hilo si waliweza leo?"

Sikumwambia kuhusu ncha.
Mwishoni mwa kila uzi pana shanga saba
ambazo picha haikuzipata. Zipo.
Zinacheza tu, na mionzi hushika kilichotulia.
Kwenye jedwali tuliandika: hazionekani.

Nina picha moja ya Bi Time kwenye simu,
jaruba la tatu, saa nne asubuhi, jua kali.
Uso upo, kanga ipo, lundo la chumvi lipo.
Mkono wa kulia, ulioshika koleo,
ni ukungu mweupe.