Visahani vya Ganda

Nilikuja Malindi kutengeneza mashine ya barafu,
kazi ya siku mbili ikaisha kwa moja na nusu,
na mwenye hoteli, kwa furaha ya barafu yake,
akasema: leo sikulipi tu, leo nakutembeza.

Tukaacha lami, tukapita Ganda,
mikorosho mikavu, mbuzi juu ya kichuguu,
mpaka penye bango ambalo watu
wameshalisoma kwa risasi.

Uwanja wenyewe si mkubwa:
vibanda vitano vya makuti, kiti cha plastiki,
shimo lenye mtambo, na shimoni Ngumbao,
kijana anayeiona mbingu kwa kipande, kama kiraka.

Mbeyu akanipa bunduki
jinsi mtu anavyompakata mgeni mtoto mchanga:
shika hapa, na hapa, kichwa kisining'inie.
Leso yake kiunoni imeandikwa
UKINIKOSA LEO KESHO SIPITI.
"Usilenge kilipo," akasema. "Kilipo hakipo tena.
Piga pale kitakapofika."

Nikaita: Vuta!

Kikatoka, chekundu, chembamba, kinazunguka
kama kifuniko cha chungu kilichokasirika,
na hapo ndipo nilipomwona mama.

Naetwe wa Usangi, mgongo umepinda,
anakizunguka chungu chake kinyumenyume.
Siku niliyoangusha mtungi wa arusi ya watu
hakunipiga. Alinijazia vigae kikapuni,
akasema: vipeleke kwa mwenyewe, umwambie ni wewe.
Nilikuwa na miaka saba.
Kikapu kililia njia nzima.

Sasa nimelipiwa nivunje,
risasi moja bei ya chungu cha kupikia ndizi,
na watu wananisikitikia kwa kuwa sivunji.

Cha kwanza nilikikosa. Cha pili. Cha tano
kilivuka mikorosho kikiwa kizima,
kikatua nyasini taratibu
kama mtu anayeketi matangani.
Mwenye hoteli akaacha kupiga picha.
Bega likaanza kudai chake.

Cha kumi na tatu sikukifikiria.

Kikapasuka.
Ua la vumbi jekundu likachanua angani
likakauka papo hapo,
na mimi, mwana wa mfinyanzi,
nikapiga ukelele kama niliyefunga bao.
Nisidanganye: sikuona haya. Nilisema, tena.
Nilisema tena mara nne.

Tulipomaliza, maganda ya risasi yalitujaa miguuni.
"Ganda na maganda," akacheka Mbeyu,
mzaha anaompa kila mgeni.
Watoto wakaingia uwanjani na magunia.
Vilivyokoswa ni vyao; huviuza sokoni,
vya kuwekea pilipili, vya kufunikia maziwa.

"Anayevifinyanga ni nani?"
Akaelekeza kidevu shimoni. "Mama yake huyo.
Udongo wa Sabaki, mia mbili kwa siku,
anavichoma kwa makumbi ya nazi."
"Na haumii?"
Akafuta mtutu, hakuniangalia.
"Vikivunjika huagizwa vingine.
Ulipokuwa ukikosa ndipo ulipomnyima kazi."
Ngumbao akapanda kutoka shimoni,
nywele zimejaa vumbi la nyumbani kwao.

Nilinunua kimoja, nikakilaza kati ya mashati.
Holili, afisa wa forodha akauliza: hiki nini?
Nikasema: nilichokikosa.

Mama alikipokea kwa mikono miwili,
akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Kimechomwa haraka. Lakini mkono wake mzuri.
Ni cha nini?"
Chini ya shati bega langu lilikuwa bado zambarau.
"Kinaruka, mama."

Akakitazama. Akanitazama.
Akakijaribu juu ya mtungi wa maji,
kikawa kidogo,
akakihamishia kwenye kopo la chumvi
akarudi kuchochea moto.