Ghala la Sabuni, Kadutu

Mlangoni nakaa mimi, na kopo la maziwa ya unga:
mwenye franka mia tano aweke,
asiye nazo aseme jina lake, aingie.
Viti ishirini na vitatu. Cha ishirini na nne
ni cha mfalme katika kila mchezo, hakikaliwi.

Kuta bado zinanuka mawese na magadi.
Ukitoa jasho humu, husema Zihindula, utatoka msafi.

Usiku huu Nabintu ameleta kitu kisicho na jina.
Maneno hana. Ana beseni, ana shati la mwanamume;
analifua, analikamua, analianika hewani pasipo kamba,
analifua tena.
Mama Cibalonza, muuza makayabu, akaguna:
"Ndiyo mchezo huo? Mbona hata mimi nyumbani nafua?"
Watu wakacheka. Nabintu akakamua.

Ndipo umeme ukakatika,
na mvua ya Bukavu, isiyojua hodi, ikaangukia mabati
hata kikohozi changu sikukisikia.
Nikawasha tochi ya simu. Wa mbele akawasha. Wa nyuma.
Shati likapata vivuli saba ukutani,
vyote vikidondosha maji.

Mama Cibalonza akainuka. Nikadhani anaondoka.
Akapanda na viatu vyake vya tope,
akashika mkono wa pili wa shati,
wakakamua, huyu kulia, huyu kushoto,
kama watu waliofanya mazoezi mwezi mzima.

Kopo lina franka elfu tatu na kifungo kimoja.
Shati wameliacha kwenye kiti cha mfalme, linachuruzika.
Nafunga mlango.
Sijaambiwa nani wa kulianua.