Tone la Kwanza

Tone la kwanza halinywewi.
Mama alilimwaga nyuma ya jiko,
akaliita la vipofu.
La pili alilikinga kwa kijiko, akawasha kiberiti:
likiwaka buluu, aliguna, sawa;
likiwaka njano hakusema kitu,
alikaa kimya akiutazama moto.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji.
Ndoo kumi na mbili kutoka kisima kipya cha Usoke,
kuupoza mrija wa shaba uliopita katikati ya mtumbwi,
mtumbwi wa nchi kavu, gogo la mninga
ambalo halijawahi kuona ziwa.
Michembe ya mwaka jana, migumu kama kwato.
Kimea cha uwele juu ya gunia,
na fimbo yangu, na kuku wa jirani.

Aliyechimba kisima alikuja Jumamosi,
Bwana Okiyama, buti zina tope jeupe bado.
Alisimama mlangoni, akavuta harufu
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Kwetu kisiwani, alisema, bibi yangu, viazi hivihivi.
Na shayiri. Shayiri inalala ndani, inaota ukungu,
anaifunika majani kama mtoto mwenye homa.
Mama alicheka hadi akashika kiuno:
Ukungu! Sisi tunautupa!
Akampa kikombe cha bati.
Akaonja, akafumba macho.
Hatukujua amekwenda wapi,
ila alichelewa kurudi.

Siku ya pili akaleta picha:
chupa, na juu yake jina la bibi
kwa herufi kama nyayo za kwale,
na pembeni muhuri mwekundu.
Mama hakuiangalia chupa. Aliangalia muhuri.
— Analipa kodi?
— Analipa.
— Na mgambo wakija?
— Wananunua.
— Hata wetu wananunua, mama alisema.
Wakishalewa ndipo wanabeba pipa.

Usiku ule aliniamsha.
Wewe umefika darasa la nne, andika.
Nikachovya kidole kwenye masizi,
nikaandika juu ya dumu la manjano: KALUNDE.
Herufi ya N niliigeuza, hakujua.
Alisogeza kibatari, akakaa nalo
kama mtu anayesubiri lijibu.

Kabla jogoo hajawika
alilifuta kwa kiganja, sio kwa kitambaa.
Jumapili alikwenda kanisani na mkono umefumbwa.