Safu Nyekundu

Bwana Kihwele kaleta ripoti, kurasa mia mbili na kumi,
nakala sita, jalada la plastiki, kabla ya saa tisa.
Ukurasa wa arobaini imepangwa miji, kila mmoja na safu yake:
Shanghai, Mumbai, Lagos, São Paulo,
na sisi pembeni, wekundu, tumewapita wote kwa urefu.

Nikamuuliza, kweli tumeishinda Shanghai?
Akacheka. "Hiyo ni kasi, dada Tunu, si ukubwa.
Mtoto wa miezi sita anarefuka kumshinda baba yake."

Nakala ya tatu, wino mwekundu ukaanza kukata.
Dar ikatoka pinki.
Ya nne ikatoka kama doa la chai,
ya tano hapakuwa na kitu: jina tu chini, juu karatasi nyeupe.

Nikafunga fremu, nikavuka hadi Mtaa wa Swahili
kwa Mbarouk wa katriji. Juzi thelathini na tano, leo arobaini na mbili.
"Jiji linakua," akasema, akinihesabia chenji.
Maneno hayohayo aliyoniambia mwenye fremu mwezi Machi
alipopandisha kodi, na kutaka ya miezi sita mkononi.

Nimerudi. Nimeichapa upya, nyekundu kwelikweli.
Kabla sijatoboa matundu ya waya
nimeipima kwa rula safu yetu: sentimita kumi na moja na ushee.

Sijui huko Mumbai nani anawafungia hizi,
na mwenye fremu wake kapandisha ngapi.