Bamia Haingoji

Siku ya kwanza Bi Mwanasha Shee alitupaka unga mikononi,
unga usio na rangi wala harufu,
akatwambia: nendeni mkanawe kama mnavyonawa kwenu.
Tulikuwa wanawake kumi na wanne, na Tsofa wa mizani.
Tukanawa huku tukicheka. Nani asiyejua kunawa?
Kisha akafunga mlango wa banda, akawasha tochi ya zambarau,
na mikono yetu ikawaka gizani.

Mimi niliwaka chini ya pete.
Niliwaka kwenye kucha na kwenye mapacha ya vidole,
na kwenye ule mstari wa kiganja
ambao bibi yangu alisema ndio umri wangu.
"Hivi ndivyo ugonjwa unavyosafiri," akasema. "Haulipi nauli."

Tangu hapo pete yangu hulala kwenye kopo la majani ya chai.
Nanawa hadi kiwiko, nahesabu ishirini kimoyomoyo,
kwa Kigiriama, maana Kiswahili changu huenda mbio.
Mume wangu auliza: umekuwa daktari?

Mengi nimejifunza hapa Mambrui, chini ya mabati haya.
Kwamba maji ya Sabaki, hata yakitulia yakang'aa kwenye pipa,
hayaoshi kinachokwenda mdomoni.
Kwamba mbuzi, hata awe wa mwenye banda, hapiti mlango huu.
Kwamba kreti ina namba, namba ina shamba,
shamba lina mtu,
na mtu akipuliza dawa leo, bamia zake
hazichumwi mpaka siku saba ziishe.

Jumatatu nikainua kifuniko cha kreti thelathini na moja.
Namba ya Marikebuni. Namba ya ndugu yangu Mwaringa.
Bamia laini, za kimo kimoja, bado zina umande,
na karatasi yake, kwa mwandiko ninaoujua tangu darasa la pili:
*Sijapuliza.*

Lakini Ijumaa nilimpelekea sima shambani.
Nilimwona na pampu mgongoni.

Nikatoka nje, nikampigia.
"Dada," akasema, "bamia haingoji.
Iache siku mbili imekuwa kuni. Wewe waniambia saba?
Saba ni karo ya Nyevu.
Na nani atajua? Lori laondoka saa nane."

Ni kweli. Hakuna jicho lililoona ila langu.
Tsofa alikuwa ameshapima. Kilo kumi na mbili kasoro robo.

Nikamuuliza neno moja tu:
"Za kula nyumbani, Mwaringa, umechuma mstari gani?"

Akanyamaza.
Nikasikia jogoo wake, nikasikia upepo kwenye simu.
Kuna mstari mmoja nyuma ya jiko;
nikajua pampu haikufika huko.

"Kikulacho," akaanza.
Hakuimaliza. Akakata.

Nilifunga utepe mwekundu kwenye kreti zake zote sita.
Kwenye daftari nikaandika tarehe, namba, sababu,
na chini yake jina langu lote, Mbodze Karisa Yaa,
ili yeye na mimi tusomwe ukurasa mmoja.
Bi Mwanasha alisoma, akaniangalia, hakunisifu.
Nilimshukuru kwa hilo.

Wiki ile hakuna aliyenijulia hali kutoka Marikebuni.
Niliambiwa amezikata zote zilizokomaa, akazifukia
mbali na kisima, peke yake, tangu alfajiri.
Niliambiwa Nyevu amerudishwa nyumbani.
Nilituma nusu ya mshahara wangu. Ikarudi.
Nikaituma tena.

Jumamosi jioni mtoto alibisha mlangoni,
Nyevu mwenyewe, amevaa sare ya shule siku isiyo ya shule,
mkononi bamia kumi na mbili zimefungwa kwa ukili,
na kipande cha karatasi: *Nilipuliza Ijumaa ile.*
Hakuna salamu. Hakuna jina.

Nikanawa.
Nikahesabu siku kwa vidole, kwa Kigiriama, polepole,
kidole kwa kidole, mpaka nane.
Nikawasha jiko.