Chupa Mbili za Ngarenanyuki

Mama Ndeskoi kaniletea chupa mbili hapa Arusha:
moja ya mto, baada ya mvua ya juzi,
nyingine ya kisima, angavu,
ungedhani chupa tupu.

Nafunga pazia. Nazima taa.
Leza, nyembamba kuliko uzi wa cherehani,
inazama kwenye maji ya mto na kutawanyika.
Punje kubwa huupindisha mwanga kidogo tu;
jivu la Meru, laini kuliko unga wa ulezi,
huutupa ovyo, kushoto, juu,
hata nyuma ulikotoka.

Nasoma pembe, mashine inapiga hesabu:
mikroni arobaini. Sita. Moja na nusu.
(Mashine huamini kila chembe ni duara.
Nami huiacha iamini. Kwenye hadubini nimeona
vigae, vibapa, vijiti,
hakuna hata moja yenye adabu ya mpira.)

Chupa ya pili.
Mwanga umeingia, umetoka,
haukumgusa mtu njiani.
Skrini: sifuri.

"Safi, eti?"

Ulimi ulishaanza ndiyo.
Ila alikuwa ametabasamu, na taa nilikuwa nimewasha,
nikayaona meno: kahawia, yenye mistari,
kama yangu,
kama ya kila tuliyekua naye kule.

Kilichoyeyuka hakina ukubwa.
Kinapita mbele ya leza
kama mgeni aliyekwishazoeleka na mbwa.

"Ya mto tutayachuja, mama," nikamwambia,
mdomo nusu wazi.
"Haya safi
niachie mpaka kesho."