Tofauti Inayogawanyika kwa Tisa

Mvua ya jioni inapiga mabati ya Kadutu
kama mtu anayehesabu sarafu bila haraka,
na Lwabanji, kijana wa mafunzo,
mwenye diplome ya fedha yenye mihuri miwili,
ananiambia kwa sauti ndogo:
«Mama Cibalonza, kasha halikubali.»

Pungufu: franka elfu ishirini na saba.
Amehesabu mara nne. Amechungulia chini ya meza.
Amenichungulia hata mimi.

Mimi sikusomea fedha.
Nilisomea konokono. Miaka mitano,
maganda ya Ziwa Kivu ndani ya chupa za spiriti,
na siku niliyohitimu baba alichinja kuku, akala, akauliza:
«Sasa hao konokono, wanalipa ngapi kwa mwezi?»

Kazi ya kwanza ilikuwa kiti cha plastiki pale Nyawera,
chini ya mwavuli wa mjomba Birindwa, kambisti.
Darasa la tano hakulimaliza.
Alinifundisha kwamba franka huchakaa mpaka iwe kitambaa
na bado inanunua mafuta ya taa,
lakini dola yenye mpasuko wa mguu wa siafu
hurudishwa kwa mwenyewe kama bibi harusi aliyesingiziwa.
Kwamba bei ya asubuhi si bei ya saa sita.
Kwamba mteja anayecheka sana ahesabiwe polepole.
Na siku moja, penseli sikioni:
«Tofauti ikigawanyika kwa tisa, usimtafute mwizi.
Tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana viti.»

Kisha likelemba. Wanawake ishirini na wawili,
wauza sambaza, wauza mihogo, mmoja wa makaa,
wakanipa daftari kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.
Humo nilijifunza riba kabla ya kulijua jina lake,
na kwamba homa ya mtoto wa mtu
huonekana kwenye safu ya malipo
siku tatu kabla mama hajasema neno.

Usiku nilisoma kitabu cha uhasibu, nakala ya nakala,
kimepungua kurasa, sitini na moja hadi sabini.
Kwa hiyo miaka miwili sikujua uchakavu wa mali ni nini,
mpaka mwavuli wa mjomba ukavunjika mbavu.

Koperative waliniuliza: «Diplome?»
Nikaweka daftari la likelemba mezani.
Walicheka.
Kisha walilisoma, kwa muda mrefu
kuliko adabu inavyoruhusu.

Usidhani nimekuwa mtakatifu wa hesabu.
Nilimpitishia mkopo Namwezi wa vitenge
kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa safi.
Safi kuliko maisha ya mtu yeyote ninayemjua mji huu;
nilipaswa kushtuka.
Alivuka Ruzizi usiku. Mshahara wangu ukakatwa miezi kumi na moja.
Hiyo ndiyo ada ya chuo niliyolipa.
Risiti ninayo.

«Gawanya kwa tisa,» namwambia Lwabanji.
Elfu tatu.
«Sasa tafuta jirani wawili waliopitana kwa tatu.»
Kidole chake kinashuka kwenye karatasi za leo,
kinapita mama huyu, kinapita baba yule,
kinasimama kwa muuza sabuni wa Cimpunda:
aliweka elfu hamsini na nane,
kijana akaandika themanini na tano.

Anakaa chini. «Hili hatukufundishwa.»
«Nami kurasa kumi sikufundishwa. Kesho njoo nazo.»

Tunafunga. Mvua imebaki kwenye mifereji tu.
Ukutani, karibu na kufuli, konokono mdogo anapanda,
nyumba yote mgongoni, deni lolote hana.
Ninalijua jina lake la Kilatini, lote, mpaka mwisho.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.